Nimekupigia Kukusalimia Tu

Kuna nyakati mbili ambazo watu wetu hawahitaji kufundishwa kushikamana, nazo ni harusi na msiba. Kadi ya mchango ikifika, au taarifa ya kifo ikiwekwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, simu hupigwa hadi usiku, kamati huundwa, mwenyekiti na mweka hazina hupatikana, maturubai na viti vya kukodi hushushwa, na watu ambao hawajaonana kwa miaka hukaa kwenye mkeka mmoja wakiulizana habari za watoto. Hiyo ni desturi njema na siandiki haya kwa nia ya kuibeza. Wasiwasi wangu ni juu ya muda ulio katikati, yaani miezi na miaka ambayo hakuna aliyeoa wala aliyefariki, kwa sababu ndani ya muda huo ndipo uhusiano wa watu hukua au hukauka, na kwa wengi wetu tunaoishi mijini muda huo umebaki mtupu.

Dalili yake tunaijua sote. Jina la ndugu au la rafiki wa zamani likitokea kwenye kioo cha simu, kinachotujia kwanza moyoni ni swali: kuna nini? Huenda kuna mgonjwa, huenda anataka kukopa, au mwanawe amemaliza chuo na anatafuta kazi. Tumezoeana kwa namna ambayo simu imekuwa chombo cha kupelekea maombi, kiasi kwamba anayepiga bila ombi hulazimika kumtuliza mwenzake mapema: "Usishtuke, nimekupigia kukusalimia tu." Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kazi ya kujenga uhusiano imo ndani ya mambo madogo ya aina hiyo, yasiyobeba ombi lolote, yanayorudiwa katika siku za kawaida bila shahidi wala kamati, na ni mambo ambayo mtu yeyote mwenye kipato chochote anaweza kuyaanza leo jioni.

Aliyenionyesha jambo hili, bila kukusudia kunifundisha, ni shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga. Ana daftari gumu, lile ambalo wanafunzi wa sekondari huliita kaunta buku, ambalo pembe za kurasa zake zimelegea kwa kufunuliwa. Kila ukurasa una jina la mtu mmoja, na chini ya jina hilo, pamoja na namba ya simu, shangazi huandika jambo la mwisho ambalo mtu huyo alimweleza. "Goti. Anarudi Bombo mwezi wa sita," yaani hospitali ya mkoa wa Tanga. "Mtoto wa pili anafanya mtihani wa kidato cha nne." "Kuku wamekufa kwa kideri, amebaki na jogoo." "Amehamia Lushoto kwa mwanawe, analalamika baridi." Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri hutoa kiti barazani, akavaa miwani, akafungua daftari pale alipoishia wiki iliyotangulia, na kupigia watu watatu au wanne kwa zamu. Mmoja wao yuko Muscat, ambako anafanya kazi za ndani kama walivyo wanawake wengi waliotoka Tanga na Zanzibar. Kwake Ijumaa ni siku ya mapumziko na saa imetangulia yetu kwa moja, kwa hiyo shangazi humpigia wa kwanza kabla hajaitwa kuandaa chakula cha jioni.

Namna anavyoongea ndiyo ambayo ningependa kila mtu aisikie. Salamu hazikatizi, huulizia nyumba, watoto, wazee na mgonjwa kama yupo, kwa utaratibu uleule ambao wakubwa wetu wote waliufuata. Zikiisha, bila utangulizi, husema: "Na goti je? Ulirudi Bombo?" Hapo upande wa pili hutulia kidogo, kisha habari hufunguka zenyewe. Tumezoea kuuliza "habari" tukajibiwa "nzuri" na mazungumzo yakafia hapo, kwa sababu swali la jumla hupata jibu la jumla. Anayeuliza kuhusu goti huelezwa kuhusu goti, kisha kuhusu gharama za dawa, kisha kuhusu mwana aliyeahidi kuja na hakuja, na kabla dakika kumi hazijaisha yule anayezungumza ameshatoa jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote wiki nzima. Shangazi haongezi ushauri mwingi. Husikiliza, huitikia, humtakia heri, na simu ikikatika huandika mstari mpya chini ya ule wa zamani. Kuna watu wanaodhani ana kumbukumbu ya ajabu. Ukweli ni kwamba anaandika, na kwangu mimi kule kuandika kuna heshima kubwa zaidi kuliko kipaji cha kumbukumbu, kwa maana kipaji mtu huzaliwa nacho, lakini aliyechukua kalamu ameamua kwamba goti la mwenzake ni jambo la kutunzwa.

Wengi husita kupiga simu ya namna hii kwa kudhani kwamba wataonekana wasumbufu, au kwamba baada ya kimya kirefu haitaeleweka. Mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900, ambamo baadhi walimtafuta mtu wanayemfahamu kwa ujumbe mfupi au kwa zawadi ndogo, kisha wakakadiria jinsi atakavyofurahi. Waliotafutwa walithamini jambo hilo kuliko watafutaji walivyokadiria, na thamani iliongezeka pale ambapo hawakulitarajia kabisa. Kwa maneno mengine, ile hali ya ghafla ambayo sisi huiogopa, tukisema "nitaanzaje kumpigia baada ya muda wote huu," ndiyo inayomfurahisha zaidi anayepigiwa.

Wala hili si suala la furaha pekee. Mwaka 1938 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walianza kufuatilia maisha ya wanafunzi wa chuo hicho, na baadaye kundi hilo likaunganishwa na la vijana waliokulia katika mitaa ya kimaskini ya Boston, wote wakawa wanaume 724 waliofuatiliwa kwa miongo mingi hadi uzeeni, na wake na watoto wao wakaingizwa baadaye. Robert Waldinger, anayeuongoza utafiti huo, ameeleza kwamba walipotazama taarifa za wanaume hao wakiwa na umri wa miaka 50, kilichotabiri vizuri zaidi afya yao wakiwa na miaka 80 kilikuwa kuridhika kwao na uhusiano walionao na watu, kuliko hata kiwango cha lehemu katika damu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti iliyotolewa Juni 2025, limekadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Tumezoea kuamini kwamba upweke ni maradhi ya Ulaya na kwamba sisi, kwa wingi wetu na kelele zetu, tumekingwa nayo. Siamini hivyo tena. Mtu anaweza kuwa ndani ya makundi kumi na matano ya simu, akachangia harusi kila mwezi, na asiwe na hata mmoja wa kumweleza kwamba halali usiku.

Nikitafakari kwa nini Ngamiani ya utotoni ilikuwa rahisi zaidi, sipati sababu ya kusema kwamba watu wa wakati ule walikuwa wema kuliko sisi. Nyumba zenyewe zilifanya sehemu ya kazi. Ile nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vya wapangaji pande mbili na uani kwa nyuma ililazimisha watu kupitana mara nyingi kwa siku: asubuhi kwenye foleni ya choo na bomba, mchana jikoni, jioni barazani. Watafiti watatu wa Marekani, Leon Festinger na wenzake, waliwahi kuchunguza makazi ya wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, na katika kitabu walichokichapisha mwaka 1950 walionyesha kwamba urafiki ulifuata milango na ngazi. Waliokaa mlango kwa mlango walikuwa marafiki mara nyingi zaidi kuliko waliotenganishwa na milango michache tu, na waliokaa karibu na ngazi walifahamiana na watu wengi kuliko waliokaa pembeni, ingawa hakuna aliyejichagulia mlango kwa kutafuta rafiki.

Leo ninaishi Tabata, Dar es Salaam, ndani ya ukuta wenye geti, kama wanavyoishi majirani zangu wote. Mwenye gari huingia nalo ndani na geti likafungwa. Maji yako ndani, jiko liko ndani, runinga iko ndani. Katika makazi ya namna hii kupitana hakuji kwenyewe, na anayetaka kuwa na majirani lazima atengeneze nafasi za kupitana kwa makusudi. Nimeona njia zinazofanya kazi, nazo ni za kawaida mno. Kununua nyanya na mchicha katika genge moja la mtaani kila siku badala ya kujaza jokofu mara moja kwa wiki kwenye duka kubwa. Kwenda dukani kwa miguu. Kutoa kiti nje ya geti jioni umeme unapokatika, wakati kila mtu anatoka kutafuta upepo. Kupita kijiwe cha kahawa baada ya magharibi, ukanywa kikombe kimoja na kashata, hata kama huna la kusema kuhusu Simba na Yanga. Kujua jina la mlinzi wa nyumba ya pili, na la dada wa kazi wa nyumba ya tatu, na kuwasalimia kwa majina hayo. Mtu akikuona mara nyingi huacha kukuhesabu kuwa mgeni, hata kabla hamjazungumza jambo lolote la maana.

Kisha kuna sahani. Mwezi wa Ramadhani, muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi, watoto wa Ngamiani tulikuwa tunatumwa kupeleka futari nyumba hii na ile: sahani ya tambi, bakuli la mihogo ya nazi, kaimati zilizomiminiwa shira, zote zimefunikwa kawa. Tuliwapelekea waliofunga na wasiofunga, Waislamu na Wakristo, na Krismasi na Pasaka ikifika sahani zilikuja zikielekea upande wetu zikiwa na pilau. Kanuni tuliyofundishwa ilikuwa kwamba sahani ya watu hairudishwi tupu. Kama hamkupika siku hiyo, ilirudi kesho au keshokutwa na ndimu tano, au na kibaba cha mchele, au na embe moja lililoiva. Kwa hiyo katika kila nyumba, wakati wowote, kulikuwa na sahani ya nyumba nyingine, na hiyo ilikuwa sababu tosha ya kubisha hodi. Wengi wetu siku hizi hutaka kumaliza hesabu haraka. Tukipewa kitu tunahangaika kulipa siku hiyohiyo ili tusidaiwe. Nadhani tunakosea hapo, kwa sababu watu wawili wasiodaiana chochote, hata sahani, hawana sababu ya kuonana tena. Nimeirejesha desturi hii Tabata bila kusubiri Ramadhani. Nikiletewa ndizi kutoka Tukuyu, mkungu hauliwi ndani ya ukuta mmoja, na mtoto ndiye anayetumwa kuzipeleka, ili na yeye ajue milango ya watu.

Urafiki wa karibu unataka kitu kimoja zaidi, nacho ni saa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 makadirio yaliyonisaidia sana kuacha kulaumu watu: ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida inahitajika takriban saa 50 za kuwa pamoja, ili awe rafiki hasa zaidi ya saa 90, na ili awe rafiki wa karibu zaidi ya saa 200. Ukikutana na mtu kwa saa mbili kila wiki bila kukosa, saa 200 zinamalizika baada ya wiki 100, yaani karibu miaka miwili. Mtu aliyehamia mji mpya na kulalamika baada ya miezi sita kwamba watu wa mji huo hawana urafiki bado yuko kwenye wiki ya 26 hivi kati ya hizo 100. Ndiyo maana naamini zaidi katika mikutano midogo yenye siku maalumu kuliko katika ahadi za "tutafutane." Upatu wa akina mama, kikoba, mazoezi ya kwaya, darsa la jioni, kundi la kukimbia Jumamosi alfajiri: hivi vyote vina faida ambayo haiandikwi kwenye katiba ya kikundi. Fedha au mazoezi huwaleta watu, lakini kukaa pamoja wiki baada ya wiki, wakisubiri wachelewaji na kulalamikia bei ya mafuta ya kula, ndiko kunakowafanya wajuane.

Ndani ya nyumba kipimo ni kidogo zaidi, hata hakihesabiki kwa saa. Mwanasaikolojia John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, aliangalia yale maneno mepesi ambayo mtu humtupia mwenzake akitaka aitikiwe. Mke amesimama dirishani, anasema, "Mvua ile inakuja kweli." Mume yuko kwenye kochi na simu mkononi. Anaweza kuinua macho na kusema, "Tena kubwa, nguo zimeanuliwa?" Anaweza kukaa kimya. Anaweza pia kujibu kwa ukali kwamba anasoma. Gottman ameeleza kwamba alipowafuatilia wanandoa wapya kwa miaka sita, waliobaki pamoja walikuwa wameitikiana mara 86 katika kila 100, na walioachana mara 33. Ninaikumbuka tofauti hiyo kila ninapoona familia mezani na kila mmoja ana mwanga wa simu usoni. Aliyetaja mvua hakuhitaji taarifa ya hali ya hewa. Alitaka kujua kama yupo mtu chumbani, na kimya kilimjibu kwamba hayupo. Watoto ni vivyo hivyo. Mtoto anayerudi shuleni akianza kusimulia hadithi ndefu isiyo na kichwa kuhusu kifutio kilichopotea anapima kama mlango uko wazi, na ukifungwa kwa kifutio hatakuja na jambo kubwa miaka kumi baadaye.

Kuna eneo moja ambalo, nionavyo, tuna upungufu mkubwa, nalo ni furaha ya mwenzetu. Kwenye huzuni hatushindwi; tunajua kukaa matanga, kubeba jeneza na kulala msibani. Habari njema ndizo tusizojua kuzipokea. Shelly Gable, mtafiti wa Marekani, na wenzake walionyesha katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2004 na 2006 kwamba namna mtu anavyoipokea habari njema ya mpenzi au mwenzi wake ina uzito mkubwa katika ubora wa uhusiano wao, na kwamba mara nyingi ilieleza hali ya uhusiano huo vizuri kuliko namna anavyopokea habari mbaya. Kwetu kijana akisema amepata kazi huambiwa, "Sasa tunakula lini?" Aliyemaliza kujenga huulizwa ni nani aliyempa fedha. Aliyepandishwa cheo huonywa kuhusu majungu ya ofisini. Hapo ombi linaingia hata ndani ya furaha ya mtu, au wivu uliovaa sura ya ushauri, na matokeo yake ni kwamba watu hujifunza kuficha mazuri yao. Husema wanaogopa jicho la hasidi, na baadhi yao wanaamini hivyo hasa, lakini naona kuna jambo jingine la karibu zaidi: walishawahi kuleta furaha mezani ikapunguzwa. Tiba yake haina gharama. Mtu akikuletea habari njema, acha unalolifanya, umuulize ilikuwaje: alipigiwa simu au alitumiwa barua, alikuwa wapi, mama yake alisema nini aliposikia. Mwache aisimulie furaha yake mpaka imtoshe, na neno la kula lisubiri siku nyingine.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ilitupunguzia mateso makubwa, na hakuna anayetamani kurudi kwenye bahasha za kukabidhi kondakta wa basi. Lakini bahasha ile ilikuwa na barua ndani yake, au ilibebwa na binamu ambaye alikaa, akanywa chai, akaeleza mjini kukoje. Sasa fedha hufika kwa mama kijijini na ujumbe wa kampuni ya simu wenye namba ya muamala, bila neno lolote la mwanawe. Ukimtumia mzazi fedha, mpigie kabla au baada, na mara nyingine mpigie siku ambayo hujatuma chochote, asije akaanza kuhusisha sauti yako na mlio wa muamala. Jambo hilohilo linahusu salamu za sikukuu zinazonakiliwa na kusambazwa kwa watu mia. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika wenye jina la mtu mmoja, unaomtajia jambo linalomhusu yeye peke yake, una maana kuliko picha zote za mishumaa na mwezi mwandamo.

Wapo waliokaa kimya kwa miaka na sasa wanataka kurudi kwa mtu. Ushauri wangu ni kutoanza na maelezo marefu ya kwa nini mlipotezana, kwa kuwa maelezo hayo humlazimisha mwenzako kukufariji badala ya kukufurahia. Anza na kitu mlichokuwa nacho pamoja: ile njia ya kwenda shule ya Usagara, yule mwalimu wa hesabu, ile biashara ya mbao aliyokuwa anaianza mlipoagana. Uliza iliishia wapi, kisha sikiliza. Akijibu kwa ubaridi, usichukulie kuwa ndiyo hukumu. Pengine yuko kwenye daladala, pengine ana mgonjwa, pengine bado anasubiri kuona unataka nini. Piga tena baada ya mwezi. Kama baada ya mara kadhaa bado hataki, mwache kwa amani, kwa sababu hakuna mtu mwenye deni la urafiki. Na kama mtu huyo aliwahi kukuumiza au kukunyanyasa, sidai kwamba una wajibu wowote wa kumpigia simu. Ninazungumzia uhusiano uliokauka kwa uzembe, siyo uliokatwa kwa sababu.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi zaidi, hasa kutoka kwa vijana wenye mshahara na ukoo mkubwa, ni hili: nikianza kuwapigia watu bila shida, nao wataanza kunipigia na shida zao. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ni kweli. Baadhi wataomba, na hutaweza kutimiza yote. Hata hivyo kinachovunja udugu mara nyingi siyo kukataa kwenyewe. Ni kukataa kwa kujificha: simu isiyopokelewa, ahadi ya "nitakucheki" isiyo na tarehe, namba iliyozuiwa. Anayeomba laki mbili na wewe huna, mwambie siku hiyohiyo kwamba laki mbili huna, na kama unacho kiasi cha kumpa bila kudai, kitaje kiasi hicho, elfu kumi au elfu ishirini, na ukitoe kama msaada, usikiite mkopo. Kazi ngumu iko wiki inayofuata. Aliyekataliwa huona haya kupiga, na aliyekataa huona haya vilevile, na katika haya hiyo ya pande mbili watu wamepotezana kwa miaka kumi. Anayepaswa kupiga kwanza ni yule aliyekataa, kwa sababu ndiye asiyekosa kitu. Aulize ile ada ya mtoto ilipatikanaje, na kama haijapatikana, wamesema nini shuleni, na mtoto mwenyewe anaendeleaje nyumbani.